Jinsi ya Kukimbia Biashara Yako

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kijitabu cha mafunzo ya wajasiriamali nikipitie Kiswahili chake kabla hakijapelekwa kiwandani. Jalada lilikuwa la kupendeza: mama amesimama mbele ya duka la vitenge, anatabasamu, mikono kiunoni. Juu ya kichwa chake, kwa herufi nene, pameandikwa: "Jinsi ya Kukimbia Biashara Yako." Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa ofisi ya pili akaja kuuliza kulikoni. Yule mama hakuwa na sura ya mtu anayedaiwa. Mfasiri alikuwa ameona "run" kwenye Kiingereza, akafungua kamusi, akachukua neno la kwanza lililomkabili, akaendelea na shughuli zake.

Nilipompigia simu hakuona haya hata kidogo. Alinijibu kwa upole, kama kijana anayemwonea mzee huruma: "Shikamoo mzee. Lakini tatizo si langu, ni la Kiswahili. Wenzetu neno moja lina maana zaidi ya mia sita. Sisi tuna 'kimbia' tu."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno tangu siku ile. Imo vijiweni, imo kwenye kumbi za mihadhara, imo kwenye zile jumbe zinazorushwa kutoka simu hadi simu zikiwa na picha ya machweo. Kiingereza ni tajiri kwa sababu "run" peke yake lina maana 645; Kiswahili ni maskini kwa sababu hakina neno la kulikabili. Ina nguvu kwa kuwa imebeba namba, na watu wengi wakitajiwa namba hunyamaza. Mimi sinyamazi. Namba ni ya kweli, ila hitimisho lake ni la uongo, na nadhani limegeuzwa kichwa chini, miguu juu.

Tuanze na ukweli wa namba. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford ilianza kushughulikiwa na James Murray mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikachapishwa 1884, na toleo la kwanza likakamilika 1928, miaka 13 baada ya Murray mwenyewe kufariki. Kamusi hiyo sasa inafanyiwa marekebisho upya, na mmoja wa wahariri wake, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kwa neno "run" peke yake. Mwaka 2011 matokeo yakatangazwa: kitenzi hicho kina maana 645. Bingwa aliyekuwepo, "set", alikuwa na maana 430 hivi katika toleo la 1989. Habari iliandikwa kama taarifa ya riadha, rekodi imevunjwa, bingwa mpya amepatikana. Ilipofika kwetu ilikuwa imeshakuwa fimbo.

Sasa jiulize kilichohesabiwa ni nini. Kamusi ya Oxford ni ya kihistoria: neno likishaingia halitoki. Maana iliyozikwa karne nne zilizopita bado imo, imewekewa alama ya marehemu, lakini inahesabiwa. Maana ya mabaharia imo, ya wacheza kriketi imo, ya wachimba migodi imo. Upande wetu, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa juzuu moja, ya kubebwa mkononi, ya kumfaa mwalimu na mwanafunzi. Kulinganisha hizo mbili ni kulinganisha bohari la bandarini na kabati la jikoni, kisha ukatangaza kwamba mwenye kabati analala na njaa. Kinachopimwa hapo ni miaka ya kazi na mishahara ya wahariri. Siku tukipata mtu wa kukaa miezi tisa na kitenzi kimoja, analipwa na hasumbuliwi na mtu, nina kitenzi cha kumkabidhi.

Nitampa "piga". Apige hesabu ya simu na pasi, ya deki na mswaki, ya kura na picha, ya hodi, magoti, chafya, mbizi, chenga, soga, bei na marufuku. Akimaliza hayo ahesabu na "piga mbio", ambayo kwa wazee wa mwambao ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kusema mtu anakwenda kwa kasi ya miguu. Mbona hatujisifu? Kwa sababu kila anayezungumza Kiswahili anahisi, bila kufundishwa, kwamba katika "piga deki" uzito umebebwa na deki; "piga" ni mpagazi tu. Na "run" la Kiingereza, kwa sehemu kubwa ya hizo maana 645, ni mpagazi wa namna hiyo hiyo. Likikaa na "out" kitu kimekwisha, likikaa na "over" mtu amegongwa, likikaa na "into" umekutana na mwenzako usiyemtarajia. Majirani ndio wanaofanya kazi, mpagazi anasifiwa kwa wingi wa mizigo.

Lakini hilo ni dogo. Kuna jambo ambalo wanaolisifu "run" hawalitaji kabisa.

Kiingereza cha zaidi ya miaka elfu iliyopita kilikuwa na vitenzi viwili mahali ambapo leo kuna kimoja. Kimoja kilikuwa cha kitu kinachokwenda chenyewe, mtu anayekimbia au maji yanayotiririka. Cha pili, ndugu yake wa damu, kilikuwa cha kukifanya kitu kiende. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu, bado wana athari za mgawanyo huo: "rinnen" ni ya maji yanayochuruzika, "rennen" ni ya mtu anayepiga mbio, na hili la pili asili yake ni kukimbiza. Waingereza, wakisukumwa pia na lugha ya mabaharia wa Kinorse waliohamia kisiwani kwao, waliviacha vitenzi hivyo viwili vikagongana, vikafanana kwa sauti, mwishowe vikawa neno moja. Ndiyo maana leo "run" ni kukimbia na pia ni kuendesha. Mwenye duka na mwizi wa duka wanatumia kitenzi kimoja.

Na yule bingwa wa zamani, "set"? Naye ni hivyo hivyo. "Sit" ni kuketi. "Set", kwa asili, ni kuketisha. Ukilitazama kwa jicho la mtu aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi darasani utaona jozi nyingine zimetapakaa kila mahali kama mabaki ya nyumba iliyobomoka. "Lie" na "lay" ni kulala na kulaza, na Waingereza wenyewe hadi leo huzichanganya na kusahihishana kwa hasira. "Fall" na "fell" ni kuanguka na kuangusha, ila hili la pili limebaki kwa wakata miti. "Drink" na "drench" ni kunywa na kunywesha. Daktari wa mifugo bado analitumia kwa maana hiyo anapommiminia ng'ombe dawa kinywani, wengine wote wanajua ni kulowa chapachapa.

Yaani bingwa mpya na bingwa wa zamani wa wingi wa maana katika Kiingereza, wote wawili wamepitia karakana iliyofungwa. Zamani lugha hiyo ilikuwa na mashine ya kuchukua kitenzi na kukigeuza kiwe cha kusababisha. Mashine ikaharibika, viambishi vikamomonyoka, na vile vitenzi vilivyokuwa vimeshatengenezwa vikabaki vinabebeshwa kazi zote. Maana zikarundikana. Baadaye yakaja mapinduzi ya viwanda, na injini, treni, mitambo na hatimaye kompyuta, vyote vikatundikwa kwenye kigingi kile kile. Sisemi Kiingereza kimeharibika. Kinaishi vizuri na kigingi chake. Ninachokataa ni kuitwa maskini na mtu ambaye hajatazama kwamba kwetu karakana ile iko wazi na moto unawaka.

Iko wazi kiasi kwamba mtoto wa miaka minne anaingia na kutoka bila kubisha hodi. Anasema "nimemnywesha paka", "umeniangushia kijiko", "mkalishe dubu wangu hapa". Akisema "nilalishe" mahali ambapo wewe ungesema "nilaze", usikimbilie kumsahihisha. Amekuonyesha tu kwamba chombo anacho mkononi na anajua kinavyofanya kazi. Mtoto wa Manchester hana chombo hicho. Yeye hulazimika kukariri kila jozi, na jozi zenyewe zimebaki chache.

Angalia sasa kile kitenzi chetu "cha pekee". Umekimbia, umemkimbiza mwizi, umekimbilia kwa shangazi, mmekimbizana uwanjani, mgonjwa amekimbizwa hospitali ya wilaya. Hakuna msomaji wa gazeti anayedhani mgonjwa alipiga mbio kwa miguu yake. Kila mwaka Tanzania kuna watu wanaoitwa wakimbiza mwenge, wanaozunguka na Mwenge wa Uhuru mkoa hadi mkoa, wilaya hadi wilaya, na sehemu kubwa ya safari hiyo wamo ndani ya magari. Mwenge ndio unaokimbizwa, na kitenzi kinatuambia waziwazi nani anasababisha na nani anakwenda. Vijana nao wamekichukua kitenzi hicho wakakipeleka kwao: msanii akiwa juu, nyimbo zake zikawaacha wenzake nyuma, wanasema anakimbiza mjini. Hawakuomba kibali cha kamusi. Na katika kuhesabu, kila umbo hapo lina kidahizo chake au kifungu chake, ilhali Kiingereza kingeyasomba mengi yake na kuyatia katika gunia la 645. Bidhaa ni zile zile. Mmoja ameziweka gunia moja, mwingine amezipanga kwenye rafu.

Na zile ambazo hatukuzipanga chini ya "kimbia" hazikukosa mahali. Chukua asubuhi moja katika nyumba yoyote ya Dar es Salaam. Mtoto kamasi zinamtoka. Bomba limeachwa wazi, maji yanatiririka uani. Kanga mpya iliyofuliwa jana imechuja, na rangi yake imehamia kwenye shati jeupe la baba. Muuzaji aliapa kwamba haichuji. Soksi ya shule imefumuka. Sukari imekwisha. Nje, bodaboda imemgonga kuku wa jirani, na daladala ya Mbagala inanguruma kituoni ikisubiri ijaze. Unapanda, unakumbana na mtu mliyesoma naye, hamjaonana miaka kumi. Kila mahali hapo mzungumzaji wa Kiingereza angeweza kupitisha "run" lake, na angeeleweka. Lakini mwambie achague neno litakalomjulisha mkewe, kwa simu, bila maelezo zaidi, kwamba shati limeharibiwa na kanga. Sisi tuna "chuja". Neno lenye herufi tano, na kila mama aliyewahi kuloweka nguo analijua.

Nikiwa hapo niseme kidogo kuhusu maziwa, maana ni kisa kinachonifurahisha. Kiingereza kina neno la kile kitu kinachogandisha maziwa yawe jibini, "rennet", na nalo limetokana na kitenzi hiki hiki cha kukimbia. Maziwa yanayoacha kutiririka yamepewa jina la mwendo. Ukiwa na neno linalobeba kwenda na kuganda kwa pamoja, kweli maana zitafika 645.

Siasa nayo ina lake. Mmarekani anayetaka kiti "anakimbia", Mwingereza anayetaka kiti kile kile "anasimama". Sisi tunasema anagombea. Kila ninapotazama kampeni za nchi yoyote kati ya hizo tatu, najiambia kwamba katika hili Kiswahili ndicho kilichotazama kwa makini: mmoja kakimbia, mmoja kasimama, wa tatu kasema ukweli kwamba kuna kitu kimoja na watu wengi wanakivuta.

Mahakamani mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu huko kosa la tafsiri linaweza kumgharimu mtu miaka. Hakimu wa Kiingereza anaposema vifungo viwili "vina-run" kwa pamoja, mwandishi wetu wa habari za mahakama anaandika kwamba adhabu zitakwenda pamoja, au vifungo vitatumikiwa kwa pamoja. "Kutumikia" kumemtaja mfungwa. Kumemweka ndani ya sentensi. Tangu mwaka 2021, sheria za Tanzania ziliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, maneno kama hayo yameacha kuwa mapambo ya kwenye magazeti. Mfasiri wangu wa kijitabu angeandika kwamba vifungo vinakimbia sambamba, na mshtakiwa angetazama mlangoni.

Ipo hoja ya pili inayofuatana na hii kama kivuli: visawe. Shuleni tulipewa majedwali. Upande mmoja "run", upande wa pili safu ya maneno kumi na tano yanayodaiwa kuwa sawa nalo, "sprint", "jog", "trot", "dash", "flee" na wenzao. Tukaambiwa insha nzuri ni ile inayobadilisha neno kila mstari. Desturi hiyo ina babu yake, daktari Peter Mark Roget, aliyechapisha hazina yake ya maneno London mwaka 1852. Roget mwenyewe aliyapanga maneno kwa mawazo, chini ya vichwa vipatavyo elfu moja, ili mwandishi mwenye wazo atafute neno linalolingana nalo. Walimu wetu waligeuza ghala hilo kuwa jedwali la usawa. Mwanafunzi akajifunza kwamba "jog" na "flee" ni kitu kimoja, basi chagua lolote linalopendeza.

Hapo ndipo wazo la umaskini wa Kiswahili lilipopata mizizi, kwa kuwa mwalimu alipoulizwa visawe vya "kimbia" alikwama kwenye kimoja au viwili. Angemuuliza bibi yake asingekwama. Kuna kutimua mbio na kuna kutimka. Kuna kutoka nduki, na anayetoka nduki hageuki nyuma. Kuna kula kona, ambako ni kukimbia kwa akili kuliko kwa miguu. Kuna kuchanja mbuga, kwa mwenye safari ndefu na nia. Kuna kutoroka, ambako sharti lake ni usiri: mfungwa anayeruka ukuta mchana kweupe huku askari wakimtazama amekimbia, bado hajatoroka. Wapanda punda wa mwambao walikuwa na matiti, na telki, na shoti, kila moja mwendo wake, na mgongo wa mpandaji ulijua tofauti hata kama mdomo haukusema. Hakuna hata moja kati ya haya lililo sawa na jingine. Na mchakamchaka? Mwenye kulitafsiri kama "jogging" hajawahi kuamshwa kabla ya jua, akapangwa mstari, akaimba huku anatwanga ardhi kwa miguu mpaka mapafu yamkane.

Na "kimbia" lenyewe, katikati ya hayo yote, limebaki na harufu yake ya zamani. Ndani yake kuna kitu nyuma yako. Mtu hukimbia deni, hukimbia kesi, hukimbia familia. Aliyeacha shule mapema tunasema alikimbia umande. Ndiyo sababu jalada la kile kijitabu lilikuwa kichekesho. Msomaji hasomi pale mwendo, anasoma hofu.

Nitoe mfano wa watu wawili. Mwaka 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiwa ameongoza tangu mwanzo wa mbio. Huyo alitoka nduki. Miaka sita kabla yake, Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni akaumia goti, na akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya waliomaliza. Huyo alijikongoja. Ukimpa mwanafunzi jedwali la visawe vya "run" na kumwambia aandike habari za Watanzania hao wawili, ataandika vizuri habari za mmoja, na yule wa pili, ambaye dunia inamkumbuka zaidi, atakosa neno la kumfikishia kwenye utepe.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba napamba chetu, kwamba Kiingereza kina kila kitu hicho na ziada. Kweli, kina "limp" na kina "bolt". Sikusema ni maskini. Kina pia uwezo ambao natamani tungekuwa nao: kinachukua kitenzi na kukifanya nomino bila kukigusa, leo "run" ni tendo, kesho ni kitu, na sentensi haitikisiki. Sisi lazima tutoke na mkimbio au mbio, tupange ngeli, tupatanishe. Na katika kompyuta wametutangulia kwa miongo. "Kuendesha programu" ni tafsiri nzuri, lakini vijana wanaoifanya kazi hiyo wameshazoea kubandika "ku" mbele ya neno la Kiingereza na kusonga mbele, nami sina ugomvi nao. Fundi ana haki ya kuita nyundo yake jina atakalo. Ugomvi wangu ni na yule anayeitwa msomi, anayesimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia kwamba lugha ya mama zao haiwezi kubeba fikra kwa sababu haina neno moja lenye maana 645. Angesoma ukurasa mmoja tu wa historia ya neno hilo angeona kwamba amesifia bohari lililojaa kwa sababu mlango wa pili ulizibwa.

Na tena kuna jambo ambalo Kiingereza, pamoja na gunia lake lote, hakiwezi kulisema kama tunavyolisema. Katika "kimbia" kulikuwa zamani na sauti ya l mwishoni, ikamezwa. Inarudi ikiwa z tunapounda mtendaji: tembea, mtembezi, pokea, mpokezi, kimbia, mkimbizi. Baadaye tukaunda mtendaji wa pili kwa njia nyingine: mkimbiaji. Kitenzi kimoja, watu wawili. Mkimbiaji ni yule wa Iten anayeamka alfajiri kupanda milima. Mkimbizi ni yule wa Kakuma au wa Nyarugusu anayesubiri mgao wa unga. Kiingereza kina "runner" kwa huyo wa kwanza, lakini kwa wa pili kililazimika kwenda kuazima Ufaransa, wakati Waprotestanti wa huko walipokuwa wakikimbilia Uingereza baada ya mfalme wao kufuta uhuru wao wa dini mwaka 1685. "Refugee" na "runner" kwa sauti hayana undugu wowote.

Mwaka 2016, Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza iliingia uwanjani timu ya Olimpiki ya wakimbizi. Walikuwa wanamichezo kumi. Watano kati yao walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliokimbilia kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakafanyiwa mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe, bingwa wa marathoni ambaye pia ndiye aliyeiongoza timu hiyo. Wote watano walikuwa wanariadha wa mbio. Watangazaji wa Kiingereza walihitaji maelezo marefu kuwaeleza wasikilizaji wao mshangao wa jambo lile, watu ambao utotoni walikimbia vita sasa wanakimbia kwa ajili ya medali. Kiswahili kilihitaji maneno mawili yaliyosimama bega kwa bega: wakimbizi wakimbiaji. Mzizi mmoja, na historia yao nzima imo katika tofauti ya z na j.

Nilimsomea yule mfasiri wangu maneno hayo mawili kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa mzee, basi tuandike 'Jinsi ya Kuendesha Biashara Yako'." Tukaandika hivyo, kijitabu kikachapishwa, nami nikachukua nakala moja nikampelekea mama mmoja ninayenunua kwake vitenge Kariakoo, nikitaraji anipongeze. Alilitazama jalada kwa muda, akanirudishia.

"Kuendesha ni kwa wenye magari, mwanangu," akasema. "Mimi hili nalisukuma."